Tajini ya Kuku: Somo la Joto, Muda na Chungu

Mpishi anapoona nyama imekataa kuiva, jambo la kwanza analolifanya ni kuongeza moto. Kifuniko huanza kurukaruka, mchuzi hufurika, mkaa huteketea, na nyama hubaki ngumu vilevile. Katika nchi za Afrika ya Kaskazini, hasa Moroko, kiko chakula ambacho upishi wake umejengwa juu ya kinyume cha desturi hiyo. Chakula hicho huitwa tajini: ni mchuzi mzito wa kuku, au wa nyama nyingine, uliotiwa viungo na kupikwa taratibu juu ya makaa machache.

Makala haya yanaeleza kanuni za fizikia na kemia zinazofanya kazi ndani ya chungu cha tajini. Majaribio yaliyomo hayahitaji vifaa vya gharama, na mwalimu anaweza kuyafanya darasani. Aidha, kanuni zenyewe zinaihusu kila nyumba inayonunua mkaa au kuokota kuni, kwa sababu sehemu kubwa ya nishati inayopotea jikoni hupotea kwa kutokuzijua.

Chombo na chakula

Neno tajini limetoka katika Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kigiriki lililokuwa na maana ya kikaango. Kwa Wamoroko jina hilo hutaja vitu viwili, yaani chombo cha kupikia na chakula kinachopikwa ndani yake. Chombo ni sahani nene ya udongo wa kufinyanga, yenye kina kifupi, pamoja na kifuniko kirefu chenye umbo la pia. Kwa desturi hukalishwa juu ya jiko dogo la mkaa.

Tajini ni za aina nyingi. Wamoroko huita mqalli ile michuzi ya rangi ya manjano inayopikwa kwa mafuta, tangawizi na zafarani. Na huita mhammer ile michuzi myekundu yenye siagi, bizari nyembamba na unga wa pilipili nyekundu isiyowasha. Inayozungumziwa hapa ni mqalli ya kuku, malimau ya chumvi na zeituni.

Joto na halijoto

Mwanafunzi wa sekondari ameshafundishwa kwamba joto na halijoto si kitu kimoja. Joto ni nishati inayotoka katika kitu chenye umoto zaidi kwenda katika kitu chenye umoto pungufu. Halijoto ni kipimo cha umoto huo. Tofauti hii, ambayo katika daftari huonekana ndogo, jikoni ni kubwa mno.

Maji safi yaliyo usawa wa bahari huchemka yanapofikia nyuzi 100 za Sentigredi. Yakishafika hapo, halijoto yake haipandi tena hata moto ukiongezwa mara tatu. Nishati yote ya ziada hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke, na kiasi hicho cha nishati huitwa joto fiche la mvukizo. Kwa hiyo maji yanayochemka kwa kishindo hayana umoto zaidi kuliko maji yanayochemka kwa utulivu. Tofauti yake ni kwamba hukauka upesi.

Hesabu ifuatayo itaonyesha ukubwa wa hasara. Ili kuipandisha halijoto ya kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1, huhitajika kilojuli 4.2. Kilo 1 ya maji, ambayo ni sawa na lita 1, ikipashwa moto kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100 itahitaji:

4.2 x 75 = kilojuli 315.

Lakini kuigeuza kilo hiyo hiyo ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,260, yaani mara saba na zaidi. Sasa tuchukue kwamba kilo 1 ya mkaa ina nishati ya kilojuli 29,000, na kwamba robo tu ya nishati hiyo hufika chunguni, nyingine ikipotelea hewani. Kila kilo ya mkaa basi inaipa chungu kilojuli 7,250. Hivyo lita moja ya maji iliyopotea kama mvuke imekula gramu 310 hivi za mkaa, na mkaa huo haukuilainisha nyama hata kidogo.

Urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari nao una athari. Kiwango cha mchemko hushuka kwa nyuzi 1 hivi kwa kila mita 300 za kupanda. Mjini Marrakesh, kwenye mita zipatazo 460, maji huchemka karibu na nyuzi 98.5. Mjini Dodoma, kwenye mita zipatazo 1,100, huchemka karibu na nyuzi 96. Ndiyo maana nyama na maharage huchelewa zaidi kuiva katika nyanda za juu.

Jaribio la kwanza. Chukua sufuria mbili zinazolingana, na katika kila moja tia lita 1 ya maji. Zichemshe zote mbili. Kisha iache ya kwanza juu ya moto mkali bila kifuniko. Ya pili ifunike, na upunguze moto hadi mapovu yawe yanapanda moja moja. Baada ya dakika 20 pima halijoto ya maji katika kila sufuria, halafu pima ujazo wa maji yaliyobaki. Wanafunzi wataona kwamba vipimajoto vinakaribiana sana, lakini ujazo umetofautiana.

Kinachotokea ndani ya nyama

Nyama ya kuku ina sehemu kuu mbili zinazohusika na ulaini. Ya kwanza ni nyuzi za misuli, zilizojaa protini na maji. Ya pili ni tishu unganishi, zinazozifunga nyuzi hizo pamoja na kuziunganisha na mifupa. Tishu unganishi zimefanywa kwa protini iitwayo kolajeni, ambayo kila molekuli yake ni minyororo mitatu iliyosukwa pamoja mfano wa kamba.

Sehemu hizi mbili hazipokei joto kwa namna moja. Kati ya nyuzi 50 na nyuzi 75 hivi, protini za misuli hubadilika umbo, hujikunja, na kuyakamua maji yaliyokuwa yameshikwa ndani yake. Hapo nyama hukaza na kukauka. Kolajeni nayo huanza kujikunyata inapopita nyuzi 60 hivi. Lakini ikikaa ndani ya majimaji yenye umoto wa nyuzi 70 na zaidi, ile kamba hufumuka kidogo kidogo na kuwa jelatini, kitu laini kinachoyeyuka katika mchuzi. Jelatini ndiyo inayoufanya mchuzi uwe mzito na kuzifanya nyuzi za misuli ziachane kwa urahisi mdomoni.

Kufumuka kwa kolajeni ni kazi ya polepole. Huharakishwa na halijoto ya juu, lakini tumeshaona kwamba ndani ya chungu cha kawaida halijoto ya mchuzi haiwezi kuvuka kiwango cha mchemko. Kikomo kikishafikiwa, kitu pekee kilichobaki mikononi mwa mpishi ni muda. Sufuria ya presha inaithibitisha kanuni hii: kwa kuuzuia mvuke, huongeza kanieneo na kukipandisha kiwango cha mchemko hadi kukaribia nyuzi 120, na hivyo hupunguza muda wa kupika.

Umri wa kuku una maana kubwa. Kadiri ndege anavyokomaa, vifungo vya kikemia kati ya kamba za kolajeni huongezeka na kuimarika. Kuku wa kisasa anayechinjwa akiwa na majuma machache huiva kwa muda usiozidi saa moja. Jogoo wa kienyeji aliyekimbia uani mwaka mzima huweza kuhitaji saa mbili hadi tatu. Kadhalika, paja hutumika zaidi kuliko kidari na lina kolajeni nyingi zaidi. Kwa hiyo paja hustahimili mchemko mrefu, ilhali kidari hukauka. Mpishi mwangalifu huweka mapaja chini, ndani ya mchuzi, na vidari juu yake.

Jaribio la pili. Chuja kikombe kimoja cha mchuzi wa kuku aliyepikwa kwa saa mbili, na kingine cha mchuzi wa kuku aliyepikwa kwa dakika 20. Kiasi cha nyama na maji kiwe sawa. Viache vikombe vyote viwili katika jokofu usiku kucha. Ule mchuzi wa saa mbili utaganda zaidi, kwa sababu una jelatini nyingi zaidi.

Kazi ya chungu na kifuniko

Udongo uliochomwa hupitisha joto kwa shida. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara mia moja kuliko udongo. Kwa mtu mwenye haraka hiyo ni kasoro, lakini kwa upishi wa taratibu ni sifa njema: joto la makaa husambaa polepole katika unene wa chungu, na mchuzi haushiki chini kwa urahisi. Hata makaa yakififia, chungu huendelea kutoa joto kwa muda.

Udhaifu wa udongo ni kwamba hauvumilii badiliko la ghafla. Sehemu iliyopata joto hutanuka kabla ya sehemu nyingine, na chungu hupasuka. Kwa sababu hiyo tajini haiwekwi ikiwa baridi juu ya moto mkali, wala haimiminiwi maji baridi ikiwa ya moto.

Kifuniko chenye umbo la pia hufanya kazi ya kuurudisha mvuke. Mvuke hupanda, hugusa kuta za juu ambazo ziko mbali na moto, hutoa joto lake fiche na kuwa matone, nayo matone huteremka ukutani na kurejea katika mchuzi. Hivyo mpishi hutosheka na maji machache tangu mwanzo, na mchuzi hautaki kuongezwa maji kila mara. Lakini umbo la pia si sharti. Sufuria yoyote nzito yenye kifuniko kinachobana itafanya kazi hiyo hiyo, mradi moto uwe mdogo.

Swali moja huulizwa mara nyingi: je, moto mdogo wa saa mbili hauli mkaa mwingi kuliko moto mkubwa wa saa moja? Jibu ni kwamba chungu kilichofunikwa huhitaji tu joto la kufidia lile linalopotea kwenye kuta zake. Joto likizuiwa lisipotee, moto unaweza hata kuondolewa. Katika Afrika ya Mashariki wako watu wanaotumia kapu lililojazwa mabaki ya nguo au nyasi kavu: chakula kikichemka barabara kwa nusu saa, sufuria hufungiwa ndani ya kapu na kuendelea kuiva bila moto. Sharti lake ni kwamba sufuria iwe imejaa na isifunuliwe ovyo, na chakula kichemshwe tena kabla ya kuliwa, kwa kuwa bakteria huweza kuongezeka chakula kikishuka chini ya nyuzi 60.

Viungo: maji na mafuta

Viungo vya tajini ni somo zuri la umumunyifu. Rangi ya manjano, yaani ile bizari ya mzizi, hutokana na kemikali iitwayo kurkumini, ambayo huyeyuka katika mafuta na karibu haiyeyuki katika maji. Rangi ya zafarani hutokana na krosini. Molekuli ya krosini imeungana na sukari, na kwa hiyo huyeyuka katika maji. Basi manjano hukaangwa kidogo katika mafuta pamoja na vitunguu, na zafarani hulowekwa katika maji vuguvugu kabla ya kutiwa chunguni.

Zafarani ni ncha nyekundu za ua, tatu tu kwa kila ua, nazo huchumwa kwa mkono. Kilo moja yake hutaka zaidi ya maua laki moja. Nchini Moroko hulimwa hasa katika eneo la Taliouine, upande wa kusini. Kwa kuwa bei yake ni kubwa, mara nyingi hughushiwa kwa nyuzi zilizotiwa rangi. Zafarani halisi ikiwekwa katika maji vuguvugu hutoa rangi ya manjano polepole, na nyuzi zake hubaki nyekundu kwa muda. Nyingi za bandia humwaga rangi mara moja na kubaki zimepauka.

Tangawizi nayo hubadilika motoni. Gingeroli, inayoifanya tangawizi mbichi iwashe, kwa kupikwa hugeuka kwa sehemu kuwa zingeroni, yenye ladha ya upole na utamu kidogo.

Jaribio la tatu. Koroga unga wa manjano katika spiriti, chovya vipande vya karatasi nyeupe, kisha vikaushe mbali na moto. Kipande kimoja kidondoshee maji ya limau, kingine maji ya magadi. Cha kwanza kitabaki na rangi ya manjano. Cha pili kitageuka rangi ya hudhurungi yenye wekundu. Manjano ni kiashiria cha tindikali na besi kinachopatikana katika kila soko.

Malimau ya chumvi

Ladha ya pekee ya mqalli hutokana na malimau yaliyohifadhiwa. Malimau huoshwa, hupasuliwa sehemu nne bila kutenganishwa kabisa, hushindiliwa chumvi, hupangwa katika chupa safi yenye mdomo mpana, na kufunikwa kabisa kwa maji ya limau. Kipimo cha kijiko kikubwa kimoja cha chumvi kwa kila limau hufaa. Baada ya majuma manne hivi, ganda huwa laini na uchungu wake hupungua.

Chumvi huyavuta maji kutoka katika seli za limau kwa osmosisi. Bakteria wanaofika hapo hupambana na vizuizi viwili, chumvi nyingi na tindikali ya sitriki, na walio wengi hushindwa kuzaliana. Kipande kinachoelea juu ya majimaji hukosa ulinzi huo, nacho huota ukungu. Hivyo kila kipande hukandamizwa chini.

Njia hii si ngeni katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, ambako achari ya ndimu hujulikana. Ibn Battuta, msafiri mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, alipopita pwani hii mwaka 1331 alieleza chakula alichokirimiwa Mogadishu: wali wa samli na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na malimau yaliyohifadhiwa, tangawizi mbichi na maembe.

Hadhari kuhusu vyombo

Tindikali inayolihifadhi limau inaweza kuleta madhara ikikutana na chombo kibaya. Baadhi ya vyungu hupakwa mng'aro uliotengenezwa kwa madini ya risasi. Chakula chenye tindikali, kikipikwa humo kwa muda mrefu, huyeyusha risasi na kuichukua. Risasi haina ladha wala harufu, hujilimbikiza mifupani, na huudhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani halikitambui kiasi chochote cha risasi kuwa ni salama. Macho hayawezi kuutambua mng'aro wenye risasi. Tajini zilizotiwa nakshi na rangi nyingi kwa ajili ya pambo zisipikiwe kamwe. Sufuria zinazosubuwa kwa mchanganyiko wa vyuma chakavu nazo zimeonekana katika nchi kadhaa kutoa risasi katika chakula. Chombo cha chuma cha pua chenye kifuniko kizito hakina hatari hiyo.

Namna ya kupika

Kwa watu sita:

kuku 1 wa kilo moja na nusu, aliyekatwa vipande;
vitunguu maji 2 vikubwa na punje 3 za kitunguu saumu;
mafuta ya zeituni, au mafuta mengine ya kupikia, vijiko vikubwa 3;
tangawizi ya unga kijiko kidogo 1;
manjano na pilipili manga, nusu kijiko kidogo kila kimoja;
nyuzi 20 hivi za zafarani, zikipatikana, na kijiti 1 cha mdalasini;
limau la chumvi 1, zeituni kiganja kimoja, na majani ya giligilani.

Pasha mafuta moto, kaanga vitunguu hadi vilainike, kisha tia viungo vya unga na kitunguu saumu kwa dakika moja. Geuzageuza vipande vya kuku katika mafuta hayo mpaka ngozi ianze kuwa rangi ya kahawia. Rangi hiyo ni matokeo ya mabadiliko aliyoyaeleza Louis Camille Maillard mwaka 1912, kati ya protini na sukari. Huenda kasi panapofikia nyuzi 140 hivi, na kwa hiyo hayatokei vizuri ndani ya maji.

Tia maji ya zafarani, mdalasini na robo lita ya maji. Yakichemka, funika na upunguze moto hadi mapovu yapande moja moja. Kuku wa kisasa apikwe kwa dakika 45 hadi 60. Wa kienyeji aliyekomaa kwa saa mbili na zaidi, na robo lita nyingine ya maji iongezwe mwanzoni. Zikisalia dakika 15, tia zeituni na ganda la limau lililokatwa vipande vyembamba. Chumvi ionjwe mwisho, kwani limau na zeituni vina chumvi tayari. Hatimaye ondoa kifuniko ili mchuzi upungue, kisha nyunyiza giligilani.

Mwenye kipimajoto cha jikoni apime kipande kinene kuliko vyote: nyuzi 74 zikifikiwa, bakteria wa salmonela wamekufa. Lakini usalama si ulaini. Kuku mkongwe hufikia nyuzi 74 mapema, na huwa bado mgumu. Kinachobaki ni kumpa muda wake.

Maswali

1. Eleza kwa nini kuongeza moto chini ya sufuria inayochemka hakuharakishi kuiva kwa nyama.
2. Sufuria isiyofunikwa imepoteza nusu lita ya maji kwa mvuke. Kwa kutumia tarakimu zilizotolewa, kadiria gramu za mkaa zilizopotea.
3. Kadiria kiwango cha mchemko wa maji mahali palipo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.
4. Kwa nini mchuzi wa mapaja huganda zaidi kuliko mchuzi wa vidari?
5. Mtu ametia manjano katika maji peke yake, bila mafuta. Ataona nini, na kwa sababu gani?
6. Pima mkaa unaotumika nyumbani kwenu kupika mlo mmoja kwa moto mkubwa, kisha mlo kama huo kwa moto mdogo na kifuniko. Andika matokeo katika jedwali na uyalinganishe na ya wenzako.